Tulivyomkata Brayo Badala ya Mama Yake

Kabla hamjabonyeza Enter, toeni mikono kwenye kibodi mnisikilize.

Najua mna haraka. Mko wawili, mmeajiriwa juzi kwenye ile ofisi ya intaneti pale mtaa wa Tena, juu ya duka la chakula cha kuku, na kila mkikwama mmoja wenu ananikimbilia kibandani nikiwa nakunja suruali za watoto nilizotoa soko la Gikomba. "Mama Imani, imekataa tena!" Nimechoka kuwajibu nikiwa nimesimama na mteja ameshika hanga. Leo mtoto amelala, nimekaa, naandika. Someni mpaka mwisho.

Mimi nimestaafu. Chekeni, mkimaliza tuendelee. Sijafika miaka thelathini, sina mvi, sina pensheni, na binti yangu bado ananyonya. Lakini kazi hiyo niliifanya, nikaijua, nikaiacha kwa miguu yangu mwenyewe. Cheti changu ni cha kidato cha nne na alama zake siwaonyeshi. Niliingia hapo kupokea simu za watu wenye hasira, kwa sababu bosi wetu Gitau alisema sauti yangu ni ya upole. Hakuwa amenisikia nikikasirika. Baadaye alinisikia.

Kwanza jueni kwa nini majina ya wateja yameandikwa vile. Najua mnayacheka. Mama Brayo. Mama Shiro. Nyumba ya Geti Nyeusi. Mmeniuliza ni nani huyu hakusoma aliyeandika hivi. Ni sisi, na tulikuwa na akili zetu.

Mwanzoni Gitau alitaka majina ya kitambulisho. Fundi wetu wa nyaya, Ouma, ambaye amevuta kila waya mnaouona kuanzia Tena mpaka Buruburu, alifika kwenye geti moja na ngazi begani, akamwambia soja, mlinzi wa geti, kwamba anamtafuta Margaret. Soja akasema hapa hakuna Margaret. Nyuma yake alisimama mama mmoja na beseni la nguo, naye akatikisa kichwa, hamjui. Ouma akageuka kuondoka. Alikuwa ameshafika barabarani alipomsikia yule mama akipiga kelele, "Ngai! Fundi, rudi! Margaret si ni mimi!" Alikuwa ameitwa Mama Shiro kwa muda mrefu hivi kwamba jina lake mwenyewe lilimpita kama la jirani.

Tangu siku hiyo tuliandika jina linalojulikana getini. Mtu anaitwa kwa jina la mtoto wake, tunaandika hivyo. Na yule mtoto akikua, akapanga chumba chake mwenyewe, akafungua duka la gemu akataka laini yake, tunamwandika kwa jina lake: Brayo. Mama Brayo ni mteja mmoja, Brayo ni mteja mwingine. Soja anajua, Ouma anajua, mtaa mzima unajua. Asiyejua ni kompyuta, na sikumlaumu mtu kwa hilo mpaka ilipotuletea balaa.

Zamani, mteja akichelewa kulipa, Gitau alimtuma Ouma na koleo. Ouma anapanda, anachomoa waya kwenye kisanduku, anashuka, anatukanwa, anaenda geti linalofuata. Mteja akilipa, Ouma huyo huyo anarudi kuchomeka. Kwa hivyo watu wengi mtaani, wakisikia laini imekatwa, wanaona sura ya Ouma. Kumbukeni hilo.

Halafu akaja Shiko.

Shiko ni msichana wa Buruburu, amenipita umri kidogo tu, ana laptop iliyojaa stika na mdomo usiolala. Yeye ndiye aliyenifundisha ile skrini nyeusi. Nilikuwa naiogopa. Nilidhani nikikosea herufi moja nitazima Nairobi nzima.

"Wee, inakuuma?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Hapana."

"Basi iguse."

Aliniambia hivi, nami nawaambia vilevile. Unapoandika amri pale, programu yako haiisomi moja kwa moja. Kuna wa katikati, anaitwa sheli. Sheli ndiye anayesoma mstari wako kwanza. Anaukatakata vipande, na pahali pa kukata ni penye nafasi. Akikuta alama fulani anazitoa, anazitumia mwenyewe, hazipeleki ndani. Akimaliza ndiyo anaikabidhi programu vile vipande. Programu haijui uliandika nini. Inajua tu ilichokabidhiwa. Na sheli si moja. Kuna bash, kuna zsh, kuna zingine, na kila moja ina malezi yake. Mstari uleule, sheli mbili, matokeo mawili.

"Kama mtoto mmoja ukimtuma kwa shosho yake na kwa shangazi yake," Shiko alisema. "Anaomba sukari ileile, anapimiwa kwa vikombe tofauti."

Alitutengenezea programu inaitwa zima. Unaandika zima na jina la mteja, laini inalala. Ukiipa majina mengi kwa mpigo inayazima yote, kwa sababu Shiko hapendi kurudia kazi. Ouma akapumzika kutukanwa. Alibaki na kazi ya kuvuta nyaya na kurekebisha, na Gitau akampa simu ya kazi yenye njia ya kuzima na kuwasha laini, ili akiwa juu ya mlingoti aweze kuijaribu bila kutupigia.

Mapema kabisa nilikutana na Ng'ang'a. Mzee wa Buruburu, mpole, anachelewa kulipa kila mara, na hakatiki. Naandika zima, naandika jina lake, nabonyeza, naambiwa hakuna mteja kama huyo. Yuko! Namwona kwenye orodha! Nikampigia kumkumbusha, akaniambia kwa unyenyekevu kwamba kikundi chao cha kanisani kinaiombea nyumba yake. Nikaanza kuamini. Halafu siku moja nikamjaribu mwingine, Nyang'au, na hapo mambo yakawa mabaya zaidi. Nilibonyeza Enter na skrini ikanyamaza. Ikaweka alama ndogo ya mshale na kunitazama. Nabonyeza tena, mshale mwingine. Nikamwita Shiko.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Haijaharibika. Inadhani bado unaongea."

Ni ile alama ya juu katika ng'. Kwa sheli, hiyo ni alama ya kufungua nukuu. Nyang'au anayo moja, kwa hivyo nimefungua na sijafunga, nayo inangoja kwa adabu nimalize. Ng'ang'a anazo mbili, nimefungua na kufunga, sheli akazitoa zote akapeleka ndani Nganga, mtu ambaye hayupo. Shiko akanishika kidole akakipeleka kwenye ile alama ya nukuu yenye mistari miwili. "Funga jina lote ndani ya hizi. Hapo ndani, ile ya juu haina nguvu." Nikaandika "Ng'ang'a" ikiwa imefungwa vizuri, na maombi ya kikundi kizima yakaisha. Alilipa siku hiyohiyo, na hakuninunia.

Nawaambia haya ili mjue kwamba kukwama si aibu. Mshale ukikutazama, bonyeza Ctrl na C, upumue, uanze upya.

Sasa niwaambie kilichonifanya niache.

Shiko alipata kazi mjini, akaenda na laptop yake. Skripti yake, yaani orodha ya amri inayojiendesha yenyewe kila siku, ikipita jina baada ya jina kwa waliochelewa na kuwazima, ilikuwa ikikimbia kwenye laptop hiyo. Gitau akanunua kompyuta iliyotumika, akaiweka pale kona mnapoiona, akainakili skripti. Ikakataa. Mstari wake wa kwanza ulitaja zsh, na kompyuta hiyo haikuwa na zsh. Gitau akafuta zsh akaandika bash.

"Ikakubali," alituambia, amefurahi.

Vijana wangu, "ikakubali" ndilo neno linaloniudhi kuliko yote kwenye kazi hii. Kukubali maana yake ni kwamba haikulia. Hakuna aliyeangalia ilikuwa ikifanya nini.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka kujifungua. Imani alikuwa mdogo sana, nilikuja naye kazini kwa sababu sikuwa na wa kumwachia, na Gitau alinung'unika lakini akanyamaza kwa vile hakuna mwingine aliyejua kazi yangu. Ouma ndiye aliyenitafutia pahali pa kumlaza. Alileta katoni ya rauta, akaitandika shuka, akaigeuza isielekee dirisha lenye vumbi. Nikiwa na simu mbili masikioni na mtoto analia, Ouma alikuwa akinawa mikono ile yenye grisi, mara ya kwanza, mara ya pili, anainusa, halafu anamchukua. Alimwita Mkubwa. "Mkubwa, mama yako anaongea na wateja. Wewe ongea na mimi." Mtu mzima, mabega kama mlango, anamwimbia mtoto wa wenyewe nyimbo za kwao Busia.

Wiki ile malalamiko yakaanza. Shiro wa saluni amelipa, laini imezimwa. Brayo wa gemu amelipa, imezimwa, na watoto wamejaa dukani wanamdai mchezo wao. Naangalia kwenye skrini, kweli, imeandikwa imezimwa. Namtuma Ouma aende kuangalia, anafika, anawasha kwa simu yake, mteja anafurahi. Shiro akamnunulia soda. Kesho yake imezimwa tena. Ouma anarudi. Soda nyingine.

Gitau akaiona soda.

Alituita. Imani alikuwa mgongoni kwangu.

"Ouma, nani ana njia ya kuzima laini?"

"Ni wewe, bosi. Na Mama Imani. Na mimi."

"Mimi sijazima. Huyu ana mtoto mchanga. Nani amebaki?"

Yaani mimi sikushukiwa kwa sababu Gitau anaamini mwanamke anayenyonyesha hawezi kufikiria vitu viwili. Hata wizi nilinyimwa.

Ouma akacheka kwanza, akidhani ni mzaha. "Bosi, nizime laini za watu nipate nini? Soda?"

"Umejisema mwenyewe."

Na kabla Ouma hajajibu, Gitau alikuwa ameshaandika kwenye grupu ya wateja. Nilisikia simu yangu ikilia mfukoni. Alisema wamegundua fundi anazima laini kusudi ili apewe chochote, na kwamba wateja wasimfungulie geti. Hakumtaja jina. Fundi tuliyekuwa naye ni mmoja. Akamwambia Ouma Jumamosi alete ngazi, koleo na ile simu ya kazi, amalizane naye.

Ouma alitoka kwenda kuchukua vifaa vyake alivyokuwa ameacha Tena kwa Mama Brayo. Alirudi mikono mitupu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, ambacho hakuwahi kukikalia. Mama Brayo alikuwa amesimama getini amemwita mwizi wa waifai, na wale watoto wa gemu, kwa vile duka la Brayo liko papo hapo kando ya geti, wakalichukua neno wakaliimba nyuma yake mpaka barabarani.

"Fundi, kunywa chai," nikamwambia.

"Mama Imani, kazi nitapata ingine. Sio kazi." Alikuwa anatazama viganja vyake. "Hizi nyumba nimeingia zote. Nimepitisha waya nyuma ya vitanda vya watu wakiwa hawako, wameniachia ufunguo. Nikiitwa mwizi hapa, nani tena atanifungulia?"

Halafu Imani akalia, naye Ouma akaamka akaenda kunawa mikono.

Hapo ndipo nilikasirika. Sikupiga kelele, mtoto alikuwa analala mikononi mwa yule mtu. Lakini nilijiambia Jumamosi haifiki kabla sijajua nani anazima zile laini.

Jibu lilikuja kwa mlango ambao sikuutazamia. Brayo alinipigia akiwa amechemka.

"Mama Imani, si haki! Mimi nimelipa niko gizani. Mathe hajalipa, tangu Ijumaa, na anatazama vipindi vyake sahii hata sauti ameweka juu!"

"Unasema mama yako yuko hewani?"

"Nimetoka kwake! Ananiambia nivumilie!"

Nikafungua skrini. Mama Brayo, amechelewa, laini inawaka. Brayo, amelipa, imezimwa. Nikamwangalia Shiro. Amelipa, imezimwa. Mama Shiro, amechelewa, inawaka. Nikaangalia wa tatu, nikajua tayari nitakachokuta. Kila aliyekatwa ni mtoto wa mtu aliyechelewa. Wazazi wanachelewa, watoto wanakatwa. Fundi gani mwizi anafanya kazi kwa utaratibu wa ukoo namna hiyo?

Nikampigia Shiko. Alikuwa kazini kwake, akaongea kwa kunong'ona.

"Iko kwenye sheli gani sasa hiyo skripti?"

"Gitau ameweka bash."

"Ala. Weka jina kwenye kikapu, halafu uchapishe kila kipande kwenye mabano. Na mimi naandika hapa kwangu."

Kikapu ni neno linalobeba jina ndani yake, na ukiliita unaliwekea dola mbele. Mkinakili kitu kimoja kwenye karatasi hii, nakilini hiki. Ndicho kipimo changu, natembea nacho kichwani kama fundi umeme na testa:

jina="Mama Brayo"
printf '[%s]\n' $jina

"Kwangu imetoka mstari mmoja," Shiko alisema. "Mama Brayo, wote ndani ya mabano moja."

Kwangu ilitoka hivi:

[Mama]
[Brayo]

Nilitazama ile mistari miwili. zsh ukimpa kikapu chenye jina, anakipeleka kizima kilivyo. Bash anakifungua, akikuta nafasi ndani anakata hapo, anapeleka vipande viwili. Kwa hivyo skripti ilisema zima $jina, na kwenye bash programu ikapokea watu wawili: Mama, na Brayo. Mama hayupo kwenye wateja, na Shiko alikuwa ameinyamazisha programu isilalamike kwa jina isilolijua. Ikamwacha. Brayo yupo. Ikamzima.

"Ni mimi," Shiko akanong'ona. "Sikufunga kwa nukuu. zsh alikuwa ananibebea, mimi nikadhani ndivyo dunia ilivyo. Ngoja nikutumie hiyo sehemu ya dola ikiwa imefungwa."

Akaituma kwa simu. Nikainakili, nikaibandika mwishoni mwa kipimo changu, nikamwita Gitau. Nilitaka aone kwa macho yake. Nikaendesha kipimo mbele yake, na tazama kilichotoka:

[“Mama]
[Brayo”]

Bado vipande viwili. Gitau akapumua kwa pua. "Umeona? Mnamtafutia Ouma njia ya kutokea."

Ouma alikuwa pale mlangoni na mtoto. Alimfunika Imani sikio kwa kiganja, kama vile mtoto angeelewa.

Nikarudisha simu sikioni. "Shiko, imekataa."

"Alama zimepinda ama zimesimama wima?"

Nikasogelea kioo. Zilikuwa zimepinda, moja inaangalia huku, ya pili inaangalia kule, nzuri kama za kitabuni.

"Simu imezirembesha," Shiko alisema. "Sheli hazijui hizo, kwake ni herufi kama herufi zingine. Futa. Andika kwa mkono wako."

Na hili msisahau: amri iliyopita kwenye simu inaweza kufika imerembwa. Usibandike. Iandike. Nikafuta, nikaandika polepole, dola na jina, nukuu mbele, nukuu nyuma, zimesimama wima:

printf '[%s]\n' "$jina"

Ikatoka [Mama Brayo]. Mstari mmoja. Mtu mmoja.

Nikaifungua skripti pale pale, nikaandika zima "$jina", na sikuiamini. Mbele ya zima nikaweka echo kwanza, isizime mtu, iseme tu ingemzima nani, halafu kwenye kipimo changu nikapitisha majina yote ya waliochelewa, kila moja ndani ya mabano yake. Hakuna aliyegawanyika. Ndipo nikaiondoa echo nikaiacha ifanye kazi. Laini ya Mama Brayo ikalala. Ya Brayo nikaiwasha, na ikabaki imewaka.

Msije mkasema kwamba zsh ni mzuri na bash ni mbaya. Shiko mwenyewe aliwahi kuchukua mstari mtandaoni uliotegemea bash akate, akauweka kwake, zsh akabeba maneno mawili kama neno moja na kazi ikakwama. Hakuna mbaya. Kila mmoja amelelewa kwao. Ila ukifunga kikapu kwa nukuu, wote wawili wanakipeleka kizima, na huna haja ya kukumbuka uko kwa nani. Popote penye dola, funga. Ukitaka kisifungwe, uwe na sababu unayoweza kuisema kwa sauti.

Gitau alisimama akitazama ule mstari wa kwanza, alipofuta zsh kwa mkono wake. Alielewa. Simnyimi hilo, hakujifanya haelewi.

"Basi ni hitilafu ndogo," akasema. "Ouma, endelea na kazi. Jumamosi usilete kitu."

"Na grupu?" nikauliza.

"Nitaandika kwamba kulikuwa na hitilafu ya mtambo."

"Na Ouma?"

"Sikumtaja Ouma."

Wapendwa, hapo Gitau akaisikia sauti yangu. Nilimwambia ulimtaja, mtaa mzima ulimsoma, watoto wamemwimbia barabarani. Akasema biashara haiwezi kujianika mbele ya wateja. Nikachukua simu ya ofisi nikaandika kwenye grupu kwamba Ouma hakuzima laini ya mtu yeyote, kwamba ni programu yetu iliyokuwa ikigawanya majina na kuwakata watoto kwa ajili ya wazazi, kwamba tulimsingizia na tunaomba radhi. Nikatuma.

"Futa," Gitau akasema.

"Sifuti."

"Mama Imani, futa hiyo kitu."

"Futa wewe. Halafu uwaeleze kwa nini umefuta."

Hakufuta. Lakini nilijua, na yeye alijua, kwamba sitabaki pale. Mwisho wa mwezi nilimkabidhi viti, funguo na nywila zote, nikaenda kuuza nguo za watoto. Nina hasira naye mpaka leo, na nikimwona barabarani namsalimia vizuri, kwa sababu Imani anatazama.

Ujumbe ni ujumbe tu, ingawa. Mtu huusoma akiendelea kukoroga ugali. Ouma alisema atapita kwenye mageti mwenyewe, nami nikafunga leso nikamweka Imani mgongoni nikaenda naye. Kwa Shiro alipewa kiti. Kwa wengine waliitikia kwa ndani bila kufungua. Kwa Mama Brayo, Ouma alisimama mbali kidogo na geti, na mimi ndiye niliyebisha.

Alitoka na mwiko wa ugali mkononi. Akanitazama, akamtazama Ouma.

"Nimesoma," akasema. "Kwa hivyo ni mimi sikulipa, na mtoto wangu akakatwa."

"Ni sisi tuliandika vibaya, mama," nikamwambia.

"Na nikamwita huyu mwizi." Alishusha mwiko. "Mbele ya watoto."

Ouma hakumsaidia. Hakusema haidhuru. Alikuwa anatazama juu, kwenye waya wake uliokuwa umelegea tangu mvua, umeshuka mpaka kwenye kamba ya kuanikia, shati la shule linaning'inia juu yake.

"Huu waya utakatika," akasema. "Ngazi yangu iko wapi?"

Ilikuwa bado ndani, ukutani, alipoiacha kabla ya kufukuzwa getini. Mama Brayo akaifuata mwenyewe, akaitoa akiiburuta, yeye aliye mkubwa kwa umri kuliko mama yangu. Brayo akatoka dukani mbio kumpokea.

"Acha," akamwambia. "Wewe toa shati."

Ouma akaiegemeza kwenye ukuta, akaijaribu kwa mguu. Sakafu pale imeinama, ngazi ikacheza. Akamgeukia yule mama.

"Nishikie."

Mama Brayo aliutupa mwiko kwenye beseni, akaishika ngazi kwa mikono miwili, akaweka na goti. Wale watoto wa gemu walikuwa wamejaa mlangoni, wametulia. Ouma akapanda, kidato kwa kidato, mpaka miguu yake ikafika juu ya kichwa cha Mama Brayo.

"Iko sawa?" mama akauliza, bila kuangalia juu.

"Iko sawa."

"Panda basi. Nimekushika."